Tulihesabu Vitu Visivyo na Roho

Bi Mkubwa alikuwa mwanamke mwema. Nasema hivyo mapema kwa sababu naijua hasira yangu. Nikishaanza kusimulia nitamchafua mpaka msomaji adhani alizaliwa na roho mbaya. Hakuwa na roho mbaya. Alinipa chumba, ubao, chaki na sahani ya wali kila Ijumaa kwa muda wa mwaka na zaidi. Lakini siku niliyomhitaji aseme sentensi moja, ya kweli, tena fupi, aliruka kimanga nikiwa nimekaa hatua tatu kutoka kwake.

Tulijuana kwenye lango la shule ya chekechea, Al Khoudh, hapa Maskati, ambako kazi yangu ni kumsaidia mwalimu: kuwafunga watoto kamba za viatu, kuwapeleka chooni, kuwafuta makamasi na kuwaimbia wakikataa kulala. Siku moja mtoto alitaka kukimbilia barabarani nikamfokea kwa Kiswahili, maana Kiarabu changu ni cha kuungaunga na hakiwahi kufika kwa haraka. Nikasikia nyuma yangu mtu anasema, "Khaa! Nani huyu anotia Kiswahili cha bara hapa?" Nikageuka nikamwona bibi mrefu, miwani imening'inia kifuani juu ya abaya, amekuja kumchukua mjukuu wake. Alicheka. Nami nikacheka. Kuanzia hapo kila mchana alifika kabla ya wakati ili tusimame kwenye kivuli cha ukuta tukiteta, yeye akinikosoa Kiswahili changu na mimi nikimkosoa chake.

Alizaliwa Unguja, akaletwa Maskati akiwa msichana. Akaingia kazi ya serikali upande wa elimu, na ujana wake wote aliumalizia kwenye kisomo cha watu wazima. Gari la serikali lilimpeleka vijiji vya milimani ambako hakukuwa na barabara ila ule mkondo mkavu wa wadi wenyewe, na pale gari liliposhindwa alipanda kwa miguu. Huko aliwafundisha wanawake waliokuwa na wajukuu tayari. Miaka arobaini imepita, na bado aliwataja mmoja mmoja: yule aliyekuwa akija na mbuzi mgonjwa mkononi, yule aliyelia siku aliyosoma jina la mumewe marehemu. Kumbukumbu yake ilikuwa kali ajabu. Naomba hilo lishikwe vizuri.

Mimi nimetoka kaskazini mwa Kenya, kwa wafugaji, mahali ambapo shule ya karibu ni mwendo wa kutwa. Mjomba wangu mmoja alinitoa huko nikiwa na miaka tisa akanipeleka bweni, ndiyo sababu naandika haya leo. Nilipomsimulia Bi Mkubwa habari za kwetu alitikisa kichwa, akasema milima yake na jangwa langu ni ndugu wa baba mmoja. Nilimpenda siku hiyo. Nilikuwa na miaka sita Maskati bila mtu wa rika la mama yangu wa kuniita mwanangu.

Darasa lilizaliwa kutokana na chakula cha mchana. Kwao Ijumaa haina mjadala. Baada ya sala, ukoo mzima unakutana nyumbani kwa Bi Mkubwa huko Sib, mitaa miwili kutoka sokoni. Wanakuja watoto wake, wapwa zake, wajukuu, na kila gari linashusha pia dada wa kazi, kwa sababu kuna masufuria ya kuoshwa na watoto wa kufukuzwa ngazini. Wakishakula na kunywa kahawa, ukoo unalala. Madada wanabaki katika chumba cha uani, kando ya jiko la nje, wanatazama simu mpaka alasiri. Bi Mkubwa ndiye aliyeona kwamba saa zile mbili zinapotea bure.

"Mwanangu," alinambia pale langoni, "mie nimepanda majabali kwenda kuwasomesha wanawake wa watu, na hawa wamo uani mwangu hawawezi kusoma hata chupa ya dawa. Njoo Ijumaa. Chumba nnacho, ubao ntanunua."

Nilienda. Walikuwa sita, wanne Wakenya na wawili kutoka Tanzania. Watatu walikuwa wamefika darasa la tatu au la nne, wakasahau. Wawili walijua herufi za majina yao. Mmoja hakujua chochote, na huyo alikuwa wa kwetu.

Nilimtambua kabla hajafungua mdomo, kwa alama ndogo kwenye mashavu. Kutoka boma la mama yake hadi la mama yangu ni mwendo wa nusu siku. Alikuwa na umri wa kama miaka thelathini, mwembamba, mkimya, na alianza kuchunga mbuzi kabla meno yake ya mbele hayajaota upya. Wakala wa ajira za Uarabuni alimtoa huko moja kwa moja hadi uwanja wa ndege. Alifanya kazi Al Khoudh kwa mpwa wa Bi Mkubwa, binti wa marehemu dada yake, mwanamke ambaye Bi Mkubwa alimlea tangu akiwa na miaka minne na kumpenda kuliko hata wale aliowazaa.

Huyu mwanafunzi wangu alisoma kwa hasira. Sijui niseme vipi vingine. Alishika kalamu kana kwamba kuna mtu anamnyang'anya. Miezi mitatu baadaye alinijia uani na chupa ya sabuni ya choo, akanisomea maandishi yote ya mgongoni, herufi kwa herufi, pamoja na onyo la kuiweka mbali na watoto. Alipomaliza alinitazama, akasema, "Mwalimu, kumbe hii chupa ilikuwa inaniongelesha siku hizi zote." Tulicheka mpaka Bi Mkubwa akaja kuuliza kuna nini. Alipoambiwa alimkumbatia. Nilimwona kwa macho yangu akimkumbatia.

Matata yalianza mwaka wa pili, tulipofika hesabu.

Nilianza nilivyoanzishwa mimi bwenini, na nilistahili kuzabwa kofi kwa ujinga huo, maana nilikuwa wa kwetu na nilijua. Nilimuuliza ana watoto wangapi. Alinitajia majina. Nikamwambia, vizuri, sasa ni wangapi? Akanyamaza. Nikamuuliza, mbuzi wa mama yako je, ni wangapi? Akaweka kalamu chini.

"Mwalimu," alisema kwa sauti ndogo, "wewe umekaa mji sana. Mtoto hahesabiwi. Mbuzi hahesabiwi. Unataka wapotee?"

Wenzake walicheka. Mimi nilisikia uso unawaka moto. Kwetu chenye roho hakihesabiwi. Ukikitia idadi umekionyesha kwa kisichokipenda, na kesho idadi itapungua. Mchungaji hana haja ya idadi. Jioni anasimama kwenye mlango wa zizi, wanyama wanapita, naye anajua kwamba yule mweusi mwenye doa sikioni hajaingia. Haulizi wangapi, anauliza nani amepotea. Watu wengi wameandika juu yetu kwamba hatujui kuhesabu kwa sababu walituuliza swali hilohilo nililouliza mimi, wakaona tumenyamaza, wakajaza fomu zao.

Bi Mkubwa alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai ya maziwa. Alisikia yote. Aliniambia nimweleze, nikamweleza, naye akasikiliza kwa heshima, akasema milimani pia aliwahi kukutana na wazee wasiopenda kuhesabiwa watoto, kwa kuogopa jicho. Kisha akaupata ufumbuzi, yeye mwenyewe, kwa furaha ya mwalimu wa zamani.

"Basi si wahesabu visokuwa na roho! Mwanangu, wape kazi ya nyumbani. Kila mmoja akahesabu vitu vya nyumba anokaa. Milango, taa, vikombe, kila kitu. Waandike, Ijumaa waje wakusomee. Watajifunza tarakimu na majina ya vitu kwa pamoja. Mie milimani nlikuwa nkifanya hivohivo."

Niliona ni wazo zuri kupita kiasi. Niliandika ubaoni: Hesabu vitu vya nyumba. Bi Mkubwa akachukua chaki mkononi mwangu akaongeza chini yake, kwa mwandiko wake mzuri wa kizamani: Usiache kitu. Mwanafunzi wangu aliinakili sentensi hiyo pole pole, akaipigia mstari.

Hiyo ilikuwa Ijumaa. Jumatano jioni nilipata ujumbe wa sauti kwenye simu. Alikuwa analia na nusu ya maneno yalikuwa ya lugha yetu. Nilichoelewa ni kwamba madamu wake ameliona daftari jikoni, amelisoma, amemwita bwana, na sasa wanasema anatayarisha nyumba kwa wezi. Kesho mtu wa ofisi ya wakala ataitwa. "Mwalimu, kuja uwaambie," alisema mwishoni.

Nikiri kwamba sikuogopa. Nilicheka hata, kidogo, kama mtu anayejua kuna kosa dogo litakalorekebishwa kwa kikombe cha kahawa. Nilimjibu, usilie, Bi Mkubwa atasema. Yule ni mama yao wote, na kazi aliitoa yeye. Nikampigia Bi Mkubwa, akasema ameshasikia, na kesho mchana atakuwepo. "Njoo na wewe," alisema, nikalala usingizi wangu kamili.

Alhamisi nilipotoka kazini nilitembea hadi kwa mpwa, dakika ishirini juani. Nilifunguliwa mlango na mwanafunzi wangu mwenyewe. Bado alikuwa amevaa aproni. Macho yalikuwa yamevimba lakini aliponiona aliachia pumzi, nikajua amenitegemea. Sebuleni Bi Mkubwa alikuwa amekaa kwenye kochi kubwa na finjani ya kahawa. Mpwa alikaa karibu naye, mume wake alisimama na simu mkononi. Daftari lilikuwa mezani kando ya sahani ya halua. Nilikaa. Mwanafunzi wangu alibaki wima karibu na mlango wa jikoni.

"Khaloo, hebu tazama mwenyewe," mpwa alimwambia Bi Mkubwa, akimwita hivyo kama wanavyomwita mama mdogo au mkubwa kwao. Akasoma kwa sauti. "Milango kumi na moja. Madirisha kumi na tisa. Kamera nne. Funguo tisa, moja haifungui kitu. Viatu vya bwana, pea kumi na nne. Bangili za dhahabu za madamu, ishirini na tatu. Walla mie mwenyewe nlikuwa sijui kama nnazo ishirini na tatu! Jana nimezihesabu. Ishirini na tatu, khalas."

Nitasema jambo la aibu. Nilipolisikia hilo, kabla ya hofu, kilichonijia kwanza ni fahari. Mwanamke ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa hajui kuandika moja, amehesabu bangili ishirini na tatu bila kukosea hata moja. Kidole changu kilitaka kalamu nyekundu nimpe vema.

"Kuna kitu kimepotea?" niliuliza.

"Hakijapotea," mume alijibu. "Tunangoja kipotee?"

Niliomba daftari. Nikageuza ukurasa, nikawasomea yale ambayo mpwa hakuyasoma. Alikuwa ameandika: Samaki wa tangi la kioo, hakuna amepotea. Na chini yake: Watoto wa madamu, hakuna amepotea. Niliwaeleza kwa utaratibu kwamba sisi hatuhesabu chenye roho, kwamba angekuwa mtu wa wezi asingehangaika na samaki, na kwamba hii ni kazi ya hesabu ya darasani tu. Niliwaambia hakupewa peke yake. Wote sita wamepewa, waulizwe.

Hapo ndipo nilipoharibu, na niliharibu kwa mdomo wangu. Mpwa aliinuka nusu. "Wote sita? Yaani nyumba zetu zote? Ya kaka yangu? Ya watoto wa khaloo?" Mume akasema kitu kwa Kiarabu, haraka, nikashika neno moja tu, lile la polisi. Kisha akauliza kwa Kiswahili, pole pole, ili kila mtu asikie.

"Nani alowaambia wahesabu nyumba zetu?"

Tulimtazama Bi Mkubwa. Si mimi tu. Mwanafunzi wangu naye aliinua uso kwa mara ya kwanza, na nilivyomwona alikuwa hata ametabasamu kidogo, kwa sababu jibu lilikuwa limekaa pale kwenye kochi likinywa kahawa. Aliyeandika Usiache kitu alikuwa miongoni mwetu.

Bi Mkubwa aliweka finjani chini. Akatengeneza mtandio wake.

"Mie mambo ya darasa lao siyajui," alisema. "Mie nimewapa chumba tu. Wanachosomeshana huko uani, Mungu ndo ajuaye."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamwambia, "Bi Mkubwa, ulikuwa umesimama mlangoni na birika. Ulichukua chaki."

"Mwanangu, mie mtu mzima. Nnasahau."

Nnasahau! Mtu anayemkumbuka mbuzi mgonjwa wa miaka arobaini iliyopita. Nilimtazama, naye aliitazama halua. Ningeweza kuvumilia angenikasirikia, angenilaumu, angesema wazo lilikuwa langu tukagombana. Lakini alisahau, kwa upole, kwa sauti ileile aliyoniitia chakula, na hakukuwa na mahali pa kumshika.

Mume alinigeukia mimi. "Na wewe una ruhusa ya kufungua skuli?"

Nataka kusema nilisimama nikamjibu kiume. Sikusimama. Niliwaza kibali changu cha kazi, nikawaza kafili wangu, yaani mdhamini wa kibali hicho, ambaye ni mwenye ile chekechea, na jinsi simu moja ingetosha. "Si shule," nilisema. "Hatufundishi. Tunasaidiana tu." Sauti ilikuwa yangu na maneno yalikuwa yangu. Katika dakika moja darasa lilikanwa mara mbili, na mara ya pili likakanwa na mwalimu.

Mwanafunzi wangu hakulia tena. Alitutazama, kwanza Bi Mkubwa, kisha mimi, muda uleule, kwa macho yaleyale. Halafu akaja mezani akaondoa finjani zilizokwisha, akazipanga kwenye sinia, akaingia jikoni. Sikumwona tena. Jumamosi walimpandisha ndege, na simu yake haikupatikana.

Bi Mkubwa alisisitiza kunipeleka na gari lake hadi kituo cha basi, eti jua kali. Nikaingia. Mpaka leo najiuliza kwa nini niliingia. Aliendesha taratibu, mikono miwili kwenye usukani, mpaka tulipopita mzunguko wa kwanza.

"Nnajua si mwizi," alisema.

"Basi kwa nini?"

"Yule mtoto nimemlea, mwanangu. Mamake kanachia yeye tu. Ningesema mimi ndo nlomtuma mtumishi ahesabu dhahabu zake, angeniona vipi? Mumewe angeniona vipi? Nisingeingia tena nyumba ile kwa uso mkunjufu. Huyu wa kwenu atapata kazi kwengine, kijana bado. Mie nina ukoo huu mmoja."

Nilimwambia yule hatapata kazi kwingine. Wakala akishaandika neno mwizi, limeandikwa. Nilimwambia ana watoto. Nilimwambia alimkumbatia. Alisema, "Nnajua, nnajua," na machozi yakamtoka chini ya miwani, ya kweli kabisa, nikayachukia kuliko kitu chochote nilichowahi kukiona. Aliposimamisha gari aliniuliza kama nitakuja kesho. Darasa liendelee, alisema, ila tuache hesabu, tubaki na kusoma tu.

Nilienda, kwa sababu ya wale watano. Niliwakuta chumba cha uani wameketi mstari mmoja, mikono mapajani, bila daftari hata moja. Habari zilikuwa zimefika kabla yangu. Waliposhushwa tu kwenye magari, walikuwa wamechana kurasa zote wakaziwashia moto wa jiko la nje, za hesabu na zisizo za hesabu, hata zile walizoandika majina ya watoto wao. Nilianza kusema jambo, mkubwa wao, mama kutoka Tanga, akaniwahi. Hakuwa na ukali. "Mwalimu, sisi hatukulaumu. Lakini tusiojua, hatushukiwi," alisema. Sahani ya wali ililetwa, samaki wa kukaanga juu yake, nikairudisha bila kuigusa. Bi Mkubwa alinipigia simu mara nyingi miezi iliyofuata, na mjukuu wake sasa huchukuliwa langoni na dereva.

Nilidhani hasira yangu ingeishia kwa Bi Mkubwa. Nilikuwa nimeizoea, naitoa nikiwa nafua, naisemesha, naiambia yale yote niliyostahili kuyasema kwenye kochi. Katika hasira hiyo mimi nilikuwa mtu aliyeachwa kwenye mataa, na hilo lilikuwa kweli. Niliishi nayo vizuri tu karibu mwaka mzima.

Kisha mama yangu akanipigia. Huwa anaazima simu ya jirani na kupanda mahali penye mtandao, kwa hiyo hapigi bila neno. Safari hii alikuwa na furaha kama msichana. Ngumbaru imefunguliwa, alisema. Ndivyo kwetu Kenya tunavyoyaita masomo ya watu wazima. Mwalimu ametoka kwa serikali, anafundisha kwenye jengo la zahanati siku tatu kwa wiki, na yeye mama amejiandikisha, pamoja na wazee wenzake na vijana wasiopata shule. Tayari anaijua herufi ya kwanza ya jina langu. Aliniambia ilivyo, kijiti kimoja na kamba mbili. Nikacheka.

Halafu akasema mwalimu anatafuta wasaidizi. Yeyote anayejua kusoma kidogo na kuhesabu kidogo atasaidia wengine, na atapewa cheo na kiti mbele. Kwa hiyo walimtafuta yule mama aliyerudi kutoka Uarabuni, wa boma la ng'ambo, wakidhani mtu aliyeona dunia hakosi kujua.

"Amekuja?" niliuliza.

"Amekuja. Anatembea nusu siku kuja, nusu siku kurudi, masikini. Mwalimu akampa chaki aandike moja mpaka kumi. Akasema hajui. Akampa kitabu. Akakishika juu chini, akasema hajui. Ameketishwa na sisi wa kuanza kabisa."

Niliuliza aliwaambia nini juu ya kurudi kwake. Mama akasema alisema tajiri wake alihama nchi, kazi ikaisha. Nikaelewa. Amewaficha yote kwa pamoja, kusoma kwake na kufukuzwa kwake, kwa sababu ukivuta uzi mmoja, wa pili unakuja nao. Anakaa kwenye benchi ya wasiojua, anasubiri afundishwe upya na mtu mwingine yale ambayo anayajua, polepole, mbele ya watu, ili siku akisoma kila mtu awe ameona alikoanzia.

Mtandao ulikatika kidogo, ukarudi. Mama alikuwa bado anazungumza.

"Nimemwonea huruma sana," alisema kwa lugha yetu. "Miaka miwili mizima. Na wewe mwanangu, mwalimu, uko mji uleule. Hivi huko kwenu hakupata hata mtu mmoja wa kumfundisha?"

Nilikuwa nimesimama kwenye korido ya chekechea, watoto wamelala. Nilijua jibu la kweli, nalo lilikuwa fupi.

"Hakupata, mama," nikamwambia.